Kila Nilichoongeza Kilipunguza Bei

Mpaka leo mtu akinisifia gari lake kwamba liko "d'origine", nabana meno. Neno lenyewe halina kosa. Kwetu Butembo ni sifa: maana yake hakuna fundi aliyeligusa gari tangu litoke kiwandani, na gari la namna hiyo haligombaniwi bei. Lakini mimi ni fundi. Nimelisha nyumba yangu kwa kugusa magari, na siku moja neno hilo nilipigwa nalo usoni, ndani ya gereji yangu, na mtu aliyekuwa bado anacheka kwa furaha niliyompa mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya vita, nchi ilipokatwa vipande, na sisi wa Butembo na Beni tukajikuta kipande chenye wakubwa wake, askari wake na vizuizi vyake. Kinshasa tuliisikia redioni. Biashara lakini haikulala hata siku moja. Mali ilipanda meli Dubai, ikashuka Mombasa, ikavuka Uganda, ikaingia kwa mlango wa Kasindi, na kutoka hapo ikapigana na matope mpaka kwetu. Ndivyo lilivyofika gari lile. Lilikuwa limechanganyika na mabasi madogo ya mfanyabiashara mmoja: gari la milango miwili, jeusi, la chini kabisa, la watu wanaoshindana mbio kwenye lami. Yule mfanyabiashara alilizunguka mara tatu, akauliza ni nani aliyeliandika kwenye karatasi zake, na kila mmoja akamwelekezea mwenzake kidole.

Alikuwa na malori mawili niliyoyatengeneza kwa miezi bila kunilipa vizuri. Akaona njia ya kututoa wote wawili kwenye aibu: akanipa gari lile badala ya fedha. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walikuwa na haki. Tumbo la gari lilikuwa karibu na ardhi kiasi kwamba lililetwa Butembo juu ya lori, kwa maana lenyewe lisingevuka hata dimbwi la kwanza nje ya Kasindi.

Nilifanya kazi juu ya gari lile mwaka mmoja na nusu, zaidi Jumapili baada ya misa. Kwanza nililinyanyua. Nilitoa springi zake laini nikaweka za pikapu, nikafunga bamba la chuma chini ya injini ili mawe yasiipasue. Kisha nikashughulika na pumzi. Mji wetu uko juu sana, na huku juu hewa ni nyepesi. Injini inayotamba kule Mombasa ikifika kwetu inapanda kilima inakohoa. Nikapata turbo ya gari lililoanguka upande wa Kasindi, nikaifungua, nikaisafisha kwa petroli, nikaifunga. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, na injini isiyozaliwa nayo inaweza kupasuka kichwa. Kwa hiyo niliweka joint mbili za culasse, yaani gasketi za kichwa cha injini, mahali pa moja, ili nipunguze mkazo. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nilikaa na injini ile nikaifikiria mpaka ikaniambia.

Halafu nikabadilisha viti vya mbele. Vile vya zamani vilikuwa vya ngozi, vipana, vya mtu anayekwenda matembezi. Fundi wa masofa alinitengenezea viwili vyembamba vinavyoshika mbavu, ili kona isikutupe kwenye mlango. Nilipomaliza nilitoka Beni asubuhi nimeshakunywa chai, na nilifika Butembo misa ya pili haijatoka. Wenye mabasi walilala njiani siku ile.

Sifa nilizopata ni nyingi, na sitajifanya kwamba sikuzipenda. Vijana wa biashara walinisimamisha sokoni. Maofisa wa jeshi nao walilitazama kwa macho mabaya, kwa hiyo kila jioni niliondoa gurudumu moja na bomba la turbo nikavificha kwa jirani, kama tulivyofanya wote wenye gari miaka ile. Na kila mtu, kila mtu, aliniambia jambo moja: siku ukiliuza hili, utapata bei ya magari mawili. Mimi nikaamini. Nilikuwa mjinga, lakini nilikuwa mjinga pamoja na mji mzima.

Gereji yangu ilikuwa mtaa wa Kimemi, kwenye kiwanja cha kupanga. Mwenye kiwanja alikuwa mzee aliyechoshwa na vita; watoto wake walikuwa wanamwita Kampala, na alitaka kuuza kila kitu aende. Alikuja akakaa juu ya tairi, akaniambia kwa upole, kwa Kiswahili chetu cha Butembo, ambacho "lakini" husema "mais".

"Mutoto yangu, nakupatia weye kwanza. Dola elfu tatu. Kuko mutu anataka kujenga depo ya kahawa, iko tayari kulipa. Mais weye uko hapa miaka mingi. Nangoja mpaka Jumapili ya pili, kisha misa. Ikipita, nampatia ule."

Nilikuwa na wanaume wanne waliofanya kazi nami pale, kila mmoja na mke na watoto. Tukiondolewa Kimemi tungekwenda kutengeneza magari pembeni ya barabara, mvua ikitunyeshea, na kila askari anayepita akijichagulia spana. Nilimshukuru mzee. Sikutetemeka hata kidogo, kwa sababu nilikuwa na gari.

Mnunuzi alikuja siku ya tatu. Alikuwa mtu wa Kasindi, wa karatasi za forodha, mwenye shati jeupe katika mji ambao hata mbuzi ni wekundu kwa matope. Alitaka gari la kukimbiza makaratasi yake kati ya mpaka, Beni na Butembo, na bila shaka la kufikia nalo kwenye harusi. Nilimpa ufunguo, nikakaa pembeni yake. Tulishuka mpaka mtoni, tukapanda kilima ambacho malori hukipanda yakisukumwa na watu. Alipiga kelele kama mtoto. Alipiga usukani kwa kiganja. Aliniita baba, na alikuwa na umri wangu.

Tuliporudi alitoa kalamu.

"Fundi, gari iko bien sana. Inaruka! Mais haiko d'origine."

"Kama ingekuwa d'origine ungepanda nayo kile kilima? Si ingebakia kule chini kwa matope?"

"Ile najua. Mais mie pia siku moja nitauzisha. Mwenye atanunua kwangu atauliza ile tu. Nitamujibu nini? Ataniambia injini imechokeshwa, ataniambia gari imefunguliwa-funguliwa."

Akaanza kuandika. Turbo na zile joint mbili: toa dola mia tano, kwa maana hakuna anayejua injini imebakiza siku ngapi. Springi na bamba: toa mia tatu. Viti: toa mia tano nyingine, kwa maana ngozi ile ndiyo inayofanya gari liitwe la mtu mkubwa, na mimi nilikuwa nimeweka viti vya shofa, vya dereva wa kuajiriwa. Gari kama lile likiwa zima, alisema, angelipa elfu tatu bila kulalamika. Kama lilivyo, elfu moja na mia saba.

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwuliza kama alikuwa anajua alichokuwa akikifurahia dakika kumi zilizopita. Mtu amecheka kwa turbo yangu, amepanda kwa springi zangu, kona haikumtupa kwa viti vyangu, halafu anatoa kalamu anakata kila kimoja kama doa! Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa anadanganya. Alikuwa anasema ukweli wa soko. Soko lilikuwa tayari kulipa zaidi kwa gari lisiloweza kufika Beni kuliko kwa gari lililokwenda na kurudi. Jambo la kipumbavu likikubaliwa na watu wote, utaligombea na nani?

"Rudishia gari bintu byake byote," alisema akiondoka, "nitakupa elfu tatu yako. Nitapita tena Ijumaa ya juma yenye inakuja."

Niliingia nyumbani, mlango wa pili kutoka gereji, nikitukana. Mke wangu alinisikiliza mpaka nikaishiwa na maneno, kisha akauliza nilitaka nini, sifa au kiwanja. Kesho yake asubuhi nilinyanyua gari na jeki, nikaanza kubomoa kazi yangu.

Sitaki kuieleza sana wiki ile. Kufungua kitu kilichoharibika ni kazi. Kufungua kitu kizima unachokijua boliti kwa boliti ni adhabu. Nilitoa turbo. Nilitoa joint ya pili nikafunga culasse upya. Nilitoa bamba, na chini yake tumbo la gari lilikuwa safi kama siku lilipokuja, nikazidi kukasirika. Springi laini zilikuwa kwenye kona zimefungwa kwa kamba. Nikazirudisha, na gari likakaa chini tena. Wale wanaume wanne walinisaidia. Jumatatu kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, isipokuwa viti. Bila viti, dola mia tano hazipo. Bila mia tano, kiwanja hakipo.

Na viti nilijua vilipo. Vilikuwa Kirumba, kusini mwa Butembo, sebuleni kwa mama mkwe wangu.

Wasiokuwa wa kwetu watacheka, lakini Butembo ile kiti cha gari kilikuwa kiti cha heshima. Seremala anakutengenezea kigoda kigumu. Kiti cha gari kina mgongo, kina sponji, na ukipigilia miguu ya mbao chini kinamfaa hata padri. Nilipovitoa kwenye gari niliona zawadi inayomfaa mama wa mke wangu. Nilivifunga miguu ya mti mzuri, nikavipakia kwenye lori, nikampelekea pamoja na mbuzi. Alipiga vigelegele. Majirani walikuja kukaa kwa zamu. Na kwetu mkwe akishapeleka, amepeleka. Hata jembe alilolisahau uani kwa mama mkwe hawezi kwenda kuliomba kwa kinywa chake.

Nilituma watu watafute viti vingine Beni, watafute Kasindi. Hakukuwa na gari la pili kama lile katika nchi yetu yote. Nilimwomba mke wangu aende aseme na mama yake.

"Mie?" alisema. "Mie niende kumutoa mama yangu kwa kiti? Weye njo ulipeleka. Nitakusindikiza, mais kinywa itakuwa yako."

Tuliondoka Jumanne kwenye lori lililokuwa linakwenda kuchukua maharage. Nilibeba mbuzi na viti viwili vipya vya seremala, vyenye mito, nilivyovikopa kwa maneno matamu. Kwenye vizuizi tulitoa chochote kilichoombwa. Kwenye kizuizi kimoja askari alimshika mbuzi kamba, na mke wangu akamwambia kwamba ni mbuzi wa mama mkwe, akamwachia. Hata mwenye bunduki alijua heshima hiyo, na mimi nilikuwa njiani kwenda kuivunja.

Mama mkwe alitupokea vizuri. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Nilipoingia nilishangaa: nyumba ilikuwa tupu. Hakukuwa na meza, hakukuwa na kabati, hata pazia. Palikuwa na vile viti viwili vya ngozi tu, katikati ya sebule, vimepanguswa vinang'aa. Alitwambia kwamba wiki tatu nyuma watu wenye silaha walipita mtaani nyumba kwa nyumba.

"Balibeba mbuzi, balibeba matela ya kulalia, balibeba hata sufuria yenye iko na maharage ndani," alisema. "Kisha moja akasema, beba na hii bifoteyi. Mie nikaikala mu moja, nikapandisha miguu mu ingine. Nikabaambia: hii ni ya mukwe wangu. Mukiibeba, mubebe na mie juu yake, muende kunipikia kule munaenda. Balicheka. Baliniacha."

Alicheka na yeye. Mke wangu alitazama ukutani. Mimi nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu Butembo, na yote yalipotea. Nilitoka nje nikajifanya namfunga mbuzi. Nilitaka kurudi mikono mitupu. Niseme kweli: nilitaka, lakini niliwaona akilini wale wanaume wanne wakibeba vyombo vyao kwenye mikokoteni, nikarudi ndani, nikapiga goti, nikasema.

Nilisema vibaya. Nilieleza habari ya soko, ya mtu wa Kasindi, ya neno d'origine, mambo ambayo hakuna mama wa Kirumba anayepaswa kuelezwa na mkwe wake. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye viti vipya vya seremala aliinua mkono.

"Beba," alisema. "Uko na batoto ba batu kwa gereji, bakule. Mais hapana kuniletea kiti ingine. Hata moja."

Alikaa chini kwenye mkeka wa jirani akatupa chakula. Viti vya seremala nilivyoviacha mlangoni alivipeleka kanisani kesho yake. Hilo nililisikia baadaye kutoka kwa shemeji. Safari ya kurudi mke wangu hakunitukana, na ningependa angenitukana. Nilikaa juu ya magunia ya maharage, viti viko mbele yangu, na hasira yangu yote nilimwelekezea mtu mwenye shati jeupe, kwa sababu kujielekezea mwenyewe kulinishinda.

Ijumaa alikuja. Nilikuwa nimekata ile miguu ya mbao na kufunga viti mahali pake. Alipapasa ngozi, akafungua boneti, akaona injini haina turbo, akafurahi. Safari hii hakupiga kelele tulipojaribu, kwa maana tulizunguka tu mitaa mikavu ya Kimemi, na penye kilima nilimwonyesha pa kugeukia. Alilipa elfu tatu, nyingine noti mpya, nyingine zimechoka. Lori lilimbebea gari mpaka Beni. Jumapili, watu wakitoka misani, nilimkabidhi mzee fedha zake mbele ya mashahidi wawili na nikatia saini. Alilia kidogo. Mimi nilitazama ile karatasi nikaona nimeshinda.

Wiki tatu baadaye lori likasimama mlangoni na gari lile mgongoni. Mtu wa Kasindi akashuka, shati jeupe, suruali matope mpaka magotini. Bamba la chini la injini, lile jepesi la kiwandani, lilikuwa limepasuka. Gari lilikuwa limemlaza njiani mara nne.

"Fundi, rudishia bile bintu byako," alisema. "Turbo, springi, yote. Ikuwe sawa ile siku ya kwanza."

Nilihisi furaha mbaya. Nilimwambia bei ni elfu moja na mia tatu, kama alivyoiandika yeye mwenyewe kwa kalamu yake. Alinitazama kama anamtazama mwendawazimu.

"Elfu moja na mia tatu kwa byuma bya zamani? Ile nilitoa kwa bei, sikuongeza. Nitakupatia mia mbili, na kazi ndani."

Nilikuwa nimesimama juu ya ardhi yangu. Nilikuwa na haki ya kumwonyesha barabara, na mdomo ulikuwa umeshafunguka kumwonyesha. Lakini wiki ile mapigano yalikuwa yamefunga njia ya kusini, malori ya upande ule hayakuwa yanatembea, na ndani ya gereji ambayo sasa ilikuwa yangu hakukuwa na gari hata moja la kutengeneza. Wale wanne walikuwa wamekaa ukutani. Walikuwa wananitazama tu, na mmoja wao alikuwa ameshasimama kuichukua jeki.

Kabla sijajibu, mtu wa Kasindi alikuwa tayari anafungua viti vya mbele kwa spana yangu. Alisema ni vya chini mno, mtu haoni dimbwi mpaka ameingia, nimrudishie vyembamba vyangu. Alivitoa kimoja kimoja akavitupa uani, kwenye matope, ngozi chini.

"Hizi bakia nazo," alisema. "Hazina kazi."

Mke wangu alikuwa anapita na ndoo. Aliweka ndoo chini, akanyanyua kiti cha kwanza, akakifuta kwa kitenge chake, akakiingiza nyumbani, akarudi kuchukua cha pili. Njia ya Kirumba ilikuwa imefungwa, na hata ingekuwa wazi, mama mkwe alikuwa ametukataza kumletea kiti.

Nilifanya kazi siku nne. Niliweka joint mbili, nikafunga turbo, nikarudisha springi, bamba na viti vyembamba. Usiku sikulala kwa kufikiria kwamba ningeweza kulegeza boliti moja tu, na kilima cha kwanza kingemfundisha. Sikulegeza. Kila boliti niliikaza kwa nguvu yake, kwa sababu sijui kufunga vibaya, na huyo mtu alilijua hilo kabla yangu. Gari lilitoka kwenye kiwanja changu likiruka. Alinilipa mia mbili zake, akaomba risiti.